Mkoba Mmoja wa Kila Kitu

Mtaani walimwita Bwana Vitufe, na jina hilo alipewa na mkewe mwenyewe. Kabla ya ndoa alikuwa mtu kama watu wengine, akiitwa kwa jina la baba yake. Kisha mkewe akavumilia, akavumilia tena, mume anayegonga kibodi hata akiwa na kijiko mdomoni, mwisho akasimama mlangoni akawatangazia majirani: "Jamani, mimi nimeolewa na vitufe. Huyu anayevigonga ni mpangaji tu." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likaganda.

Na yeye mke, waliomwita Redio hawakumwonea. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la chumba cha mbele, na asubuhi mguu ukianza kukanyaga, mdomo nao ulianza safari yake. Alisema na wateja, na wapita njia, na sindano iliyokatika, na kitambaa kilichomdanganya kwamba hakichuji rangi. Mumewe akiwa kazini alimpelekea ujumbe wa sauti, mmoja juu ya mwingine, maana kuandika, alisema, ni kwa watu wenye mambo machache. Vitufe alikuwa akizisikiliza habari hizo ofisini kwa spika za masikioni, akicheka peke yake kama mtu aliyepungukiwa na akili. Hakufuta hata moja. Mungu hakuwajalia watoto, na kelele zote ambazo zingejaza nyumba ile alizifanya Redio peke yake, tena bila kulalamika.

Kazi ya Vitufe ilikuwa kuandika programu katika kampuni ndogo, chumba kimoja chenye feni inayolia na madirisha yasiyofunguka vizuri. Alikuwa fundi kweli, tena mwenye mkono mwepesi, lakini alikuwa na kaida moja iliyowakera wenzake. Alipenda kuchanganya. Safu, kwa asiyejua, ni foleni ya vitu ndani ya kompyuta: cha kwanza, cha pili, cha tatu, kila kimoja na mahali pake. Waangalifu huweka safu ya namba peke yake, ya maneno peke yake, ya picha peke yake. Vitufe alivitia vyote katika safu moja, namba, neno, picha, sauti, ndiyo na hapana, vimelaliana humo, kwa sababu lugha ya kompyuta aliyotumia ilimruhusu na yeye hakuona sababu ya kukataa ukarimu.

"Huu si utaratibu," mwenzake wa meza ya jirani alimwambia. Huyu alikuwa dada mmoja ambaye hata kalamu zake alizilaza zikitazama upande mmoja. Ofisi nzima walimwita Mnyoofu. "Kila kitu kipe jina lake, kaka. Wewe unavitambua kwa kuhesabu foleni. Siku ukitoa kimoja, vya nyuma vyote vitasogea mbele, na programu haitakwambia. Ingekuwa inakwambia, ningekuacha."

"Umewahi kuona mkoba wa mke wangu?" Vitufe alimjibu. "Mna funguo, kitana, vifungo, dawa ya kikohozi na futi ya kupimia. Anaingiza mkono bila kutazama na anatoa anachotaka. Mkoba mmoja, kila kitu."

"Mkoba una mkono wa mwenyewe. Foleni yako haina mkono."

Vitufe akacheka. Mnyoofu alikuwa na maneno mazuri, na mtu mwenye maneno mazuri ni rahisi kumcheka na kuendelea na shughuli zako.

Kiharusi kilimkuta Redio akipima kola shingoni kwa mteja. Alianguka na futi mkononi. Waliomrudisha kutoka hospitali walimrudisha nusu: mkono na mguu wa kulia umelala, na maneno yote yameondoka, hata yale madogo. Akili ilikuwa salama. Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu, jambo ambalo kwa mtu kama yeye lilikuwa adhabu. Maandishi yaligeuka michoro isiyo na maana machoni pake, kwa hiyo hata kuandika alikokudharau hakukuwepo tena. Na uso wake, upande mmoja ulining'inia na mwingine ukavutika juu, ukaonekana muda wote kama wa mtu anayetabasamu. Majirani waliokuja kumpa pole walitoka wakisema, "Ana moyo huyo, hata hivi alivyo anacheka." Redio alikuwa hacheki.

Dada mkubwa wa Vitufe, mjane, alifunga nyumba yake akaja na mto wake na beseni lake kumuuguza. Hakusubiri kuombwa. Yeye na Redio walikuwa mawifi wa utani tangu siku ya posa, wa kutukanana mchana na kugawana kanga jioni. Sasa utani ulikuwa wa upande mmoja. Dada alijaribu kumsoma wifi yake usoni na kila mara akakosea: mgonjwa anataka kugeuzwa mto, yeye analeta uji, anataka maji, yeye anafunga mlango. Redio alikuwa akimtazama machozi yakimtiririka juu ya lile tabasamu la uongo, na dada alikuwa akienda kulia jikoni.

Hapo ndipo Vitufe alipopiga moyo konde. Alileta kishikwambi cha zamani kutoka ofisini na kumtengenezea mkewe mdomo.

Sauti hakuikodi kwa mtu mwingine. Alikwenda kwenye ule ujumbe wote ambao hakuufuta, akausikiliza upya, na kukata neno hapa, neno pale, kwa sauti ya Redio mwenyewe. "Maji" alilipata siku bomba lilipokatika. "Asante" lilitoka siku alipomletea mkasi mpya, limevutwa, linaimba mwishoni. "Inauma" alilitafuta sana, akalipata katika habari ya viatu vipya: miguu inauma, Redio alikuwa amesema, lakini nitavivaa hivyo hivyo mpaka vikome. Kicheko chake kilikuwa kimeng'ang'ania nyuma ya neno, na Vitufe hakuweza kukiondoa bila kulikata neno lenyewe.

Kwenye kioo aliweka picha kwa mpangilio. Glasi ya maji. Uso wenye chozi, yaani inauma. Mikono miwili iliyokutana, yaani asante. Mkono unaoita, yaani njoo. Mto, yaani nataka kulala. Dirisha. Mwisho, taa. Redio aliweza kugonga picha kwa kidole cha mkono wa kushoto. Na ndani, kwa kuwa Vitufe alikuwa Vitufe, vyote vilikaa katika safu moja: picha, sauti, namba ya ukubwa wa sauti, vimechanganyika kama mkobani. Programu ilipita katika foleni hiyo ikiokota picha moja moja na kuzipanga kwenye kioo, kisha ikaokota sauti moja moja. Picha ya kwanza ilisema kwa sauti ya kwanza, ya pili kwa ya pili, na kuendelea hivyo.

Siku ya kwanza Redio aliposikia sauti yake ikitoka, aligonga "maji" mpaka dada akajaza vikombe juu ya meza na kupiga magoti mbele yake, wote wawili wakilia. Vitufe naye alilia, tena bila kugeuka ukutani. Nyumba ilikuwa imerudishiwa redio yake.

"Dada," alimwambia siku hiyo, "kuanzia leo usimsome usoni. Uso wake kwa sasa unadanganya. Sikiliza kioo. Kikisema maji, leta maji. Kikisema asante, basi ameridhika, kaa kitako upumzike."

"Nimesikia, mdogo wangu."

Dada alikuwa mtu wa kushika neno. Akishika, ameshika.

Kilichowasumbua kilikuwa kile kicheko. Redio aliumwa, akagonga chozi, na kioo kikasema "inauma" na kuangua kicheko cha mwanamke mwenye viatu vipya. Mara za mwanzo dada na Vitufe walishindwa kujizuia, wakacheka. Kilikuwa kicheko chake kweli, kilichokuwa kimepotea, nani angekisikia anyamaze? Mpaka siku moja Redio alikipiga kishikwambi kwa kiganja, kikaanguka kitandani, na akamtazama mumewe kwa macho ambayo hayakuhitaji kitufe.

"Nimekosa, mama," Vitufe alimwambia. "Nitalibadilisha. Kuna siku ulijichoma sindano ukanitumia malalamiko marefu. Humo lipo 'inauma' la kweli. Nitalitafuta."

Asubuhi iliyofuata, chai ikipoa, aliingia ndani ya safu na kulifuta lile neno lenye kicheko. Alitaka nafasi iwe safi kabla ya kuweka jipya. Hapo hapo simu ikaita kutoka ofisini: mteja mkubwa amefika, programu yake imegoma, njoo haraka. Vitufe alifikiri, kitufe hicho kitanyamaza tu mpaka nirudi. Akagonga glasi ili kuhakikisha kwamba hajaharibu kitu. "Maji," kioo kikasema, safi kabisa. Akambusu mkewe paji la uso, akaaga, akaondoka.

Glasi ilikuwa mbele ya kile alichokitoa. Vya nyuma hakuvijaribu.

Dada siku hiyo alikaa kwenye cherehani ya wifi yake, amempa mgongo, akimshonea gauni pana la mikono mipana, la kuvalika bila kumsumbua mkono uliolala. Alikuwa anajifunza bado, mishono inapinda, na alikuwa akimsimulia kila kosa: "Wifi, ungekuwa na ulimi leo ungenitukana mpaka kwa mababu." Mchana, kioo nyuma yake kilisema, "Asante." Dada akafurahi. "Usijali, wifi. Nikimaliza utalivaa Jumapili." Kikasema tena, "Asante." Akageuka, akaona lile tabasamu. Akarudi kwenye gauni. Kikasema, "Nataka kulala." Akainuka, akavuta pazia, akamfunika shuka mpaka kifuani na kumpapasa nywele. "Lala, mpenzi, lala." Alipofika kwenye cherehani kilikuwa kinasema tena asante, na tena, na tena nataka kulala, na asante.

Baadaye kikanyamaza, na dada akakanyaga cherehani polepole ili asimwamshe.

Gauni lilipokwisha alikwenda kumwonyesha, na hakuamka.

Hospitali, daktari aliuliza mgonjwa alianza kuumwa kichwa lini. "Hakuumwa," dada alijibu, na kulikuwa na fahari ndani ya jibu lake. "Angesema. Siku hizi anasema." Daktari akamtazama Vitufe, aliyefika akitweta na beji ya kazini ikiwa bado shingoni, akawaeleza taratibu kwamba damu imevuja kichwani kwa muda mrefu. Mgonjwa wa namna hii, alisema, kwa kawaida huumwa kichwa vibaya sana saa nyingi kabla ya kuzimia. Angeletwa maumivu yalipoanza, wangekuwa na la kufanya. Vitufe alisikia maneno hayo na hayakuingia popote. Redio alifariki kabla jua halijatua.

Msibani watu walijaa mpaka barabarani, wateja na wapita njia na hata wale aliowahi kuwagombeza. Mnyoofu alikuja na ofisi nzima, akakaa karibu na mlango, akalia bila kuficha. Na dada kila aliyefika alimsimulia habari moja. "Wifi yangu hakuondoka kwa uchungu. Alikuwa akinishukuru. Mimi nashona, yeye asante, asante, asante, mchana kutwa. Kisha akasema anataka kulala, nikamfunika. Akalala." Wanawake walishika vifua. Kifo cha namna hiyo, walisema, ni zawadi. Vitufe aliisikia habari hiyo akiwa kwenye viti vya nje, na ilikuwa kitu pekee alichoweza kukishika siku zile. Alishukuru kwamba walau mdomo aliomtengenezea ulimfaa kwa kuagana.

Watu walipotawanyika na turubai kukunjwa, Vitufe aliingia chumbani asubuhi moja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakiwasha kishikwambi. Hakuwa na nia nyingine isipokuwa kuisikia sauti.

Aligonga glasi. "Maji."

Kidole kikashuka kwenye uso wenye chozi. Alikumbuka kwamba neno la hapo alilitoa na hakuwahi kurudisha jingine, akatarajia kimya.

"Asante," ilisema sauti ya Redio, ikaimba mwishoni.

Akagonga tena. "Asante."

Akagonga mkono unaoita. "Nataka kulala."

Hakuhitaji kuifungua programu. Aliona foleni yote kichwani, waziwazi kama vidole vyake: kimoja kimetoka, vya nyuma vimesogea hatua moja mbele, picha zimebaki zilipokuwa, na hakuna kilichomwambia mtu. Mkewe alikuwa amegonga chozi. Inauma. Aligonga mkono. Njoo. Inauma, njoo, inauma, njoo, mchana kutwa, kwa kidole kimoja, na akili yake salama, akisikia kwa masikio yake mwenyewe kinywa chake kikimshukuru anayemgeuzia mgongo. Kisha akafunikwa shuka. Na mwanamke aliyekuwa hajui kunyamaza alikufa akipiga kelele kwa namna pekee aliyobakiwa nayo, na waliompenda walisikia adabu.

Vitufe alibaki amekaa, kishikwambi mapajani, kidole bado juu ya kioo.

"Ndiyo hiyo!" Dada alikuwa mlangoni, gauni lile jipya limekunjwa kifuani. Hakuna aliyelivaa, na hakuweza kuliweka kabatini wala kuligawa. "Ndiyo sauti yenyewe. Gonga tena, nisikie."

Hakugonga. Dada akaja akakaa karibu naye, kitanda kikalia.

"Mdogo wangu, kuna kitu kinanikera, na sikukisema msibani." Alikuwa anavuta uzi uliojitokeza kwenye pindo. "Nilipogeuka nilimwona. Alikuwa anagonga kwa nguvu. Kidole kilikuwa kinatetemeka. Mimi nikatazama uso, nikakumbuka ulivyonikataza, nikasema hapana, nisikilize kioo. Lakini usiku nakiona kile kidole. Hivi mtu anashukuru kwa nguvu namna ile?"

Vitufe alimtazama dada yake. Alikuwa amekonda. Mikono iliyomwosha Redio, ikamlisha, ikamgeuza, ilikuwa imeshikilia pindo kama mtoto anayesubiri kuambiwa kama atapigwa. Angemwambia kweli, kweli hiyo ingekuwa nusu yake tu: mimi nilikosea. Nusu ya pili dada angejiambia mwenyewe, kila siku aliyobakiza: na wewe ulikuwa umempa mgongo.

Akakiweka kishikwambi kitandani. "Dada, wewe unamjua Redio. Kuna neno aliwahi kulisema mara moja likamtosha?"

Dada alimkodolea macho. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko kikageuka kilio katikati. "Kweli," alisema, akijifuta kwa lile gauni. "Kweli kabisa. Hata salamu alikuwa anairudia mpaka unachoka. Mungu akurehemu, wifi, ulinitisha bure." Akamlalia mdogo wake begani, na yeye akamshika, na mzigo wote uliokuwa juu ya dada ukahamia kwake. Alisikia ukihama.

"Basi nitolee hiyo sauti," dada alisema alipotulia. "Uniwekee kwenye simu yangu."

Akamwekea.

Ofisini Vitufe siku hizi kila kitu anakipa jina lake, namba peke yake, neno peke yake, na Mnyoofu amelitambua hilo na hajamuuliza kitu. Kishikwambi hakukirekebisha. Ni kazi ndogo, ya kurudisha kitu kimoja tu, lakini hakuna tena wa kukigonga, na lile neno la siku ya sindano hajawahi kwenda kulitafuta.

Dada hakurudi kwake. Amekuwa mshonaji wa nyumba, mishono imenyooka, wateja wameanza kurudi. Kila asubuhi, kabla hajakanyaga cherehani, huweka simu dirishani na kugonga kioo chake.

"Asante," Redio husema, na kuimba mwishoni.

"Asante na wewe, wifi yangu," dada hujibu, kisha huirudia sauti hiyo, na kuirudia tena, maana humfariji.

Vitufe, katika chumba cha pili, huweka kikombe chini na kukaa ameshika kichwa kwa mikono miwili mpaka cherehani ianze.